Namna Sikujua Ligongo Alivyolindwa

Nchi yenyewe iko mbali. Hakuna msomaji wa hadithi hii aliyewahi kuishi humo, kupanga foleni humo, wala kuambiwa humo arudi Jumanne. Jina la nchi halitajwi kwa sababu nalo limesajiliwa, na kulitaja bila kujaza fomu ni kosa.

Humo aliishi mwanamke aitwaye Sikujua Ligongo, fundi wa cherehani. Hakuwa mshonaji. Kazi yake ilikuwa kuzitengeneza cherehani zenyewe zikigoma. Alikuwa mjane wa miaka hamsini na minne, mikono yake ilinuka mafuta ya mashine hata siku za sikukuu, na kibanda chake kilikuwa cha saba katika soko la Tusemezane. Cherehani iliyomshinda Sikujua ilipelekwa moja kwa moja kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Maisha yake yote hakuwahi kuwa na shaka kwamba yeye ni yeye. Aliamka akajikuta, akanywa chai, akaenda kazini.

Mambo yakaanza kuharibika siku Serikali ilipoamua kumlinda.

Waziri wa Uwepo wa Raia, Mheshimiwa Balozi Profesa Mhandisi Longinus Tambwa, alilihutubia taifa saa nne asubuhi, na vipaza sauti vya soko vikayamwaga maneno yake juu ya nyanya na dagaa.

"Ndugu wananchi, wamezuka wezi wapya! Hawa hawaibi kuku. Hawaibi baiskeli. Wanakuiba wewe! Unalala wewe, anaamka mwingine, na huyo mwingine anaitwa jina lako! Serikali yenu sikivu haiwezi kukaa kimya huku raia wakiibiwa nafsi zao. Kuanzia Jumatatu kila mwananchi atalindwa, apende asipende!"

Watu walishangilia, hasa pale pa apende asipende, kwa sababu ndipo walipomtambua Waziri wao.

Jumatatu ikafika. Nje ya ofisi ya kata, kwenye jua, iliwekwa meza, na juu ya meza daftari kubwa lililoandikwa kwa wino wa dhahabu: DAFTARI LA SIRI LA WANANCHI. Kalamu ilifungwa kwa mnyororo ili isiibiwe. Daftari halikufungwa kwa kitu chochote. Kila mtu alitakiwa aandike majina yake matatu, tarehe ya kuzaliwa, jina la mama mzazi, namba ya kitambulisho, namba ya simu, na katika safu ya mwisho, yenye mistari myekundu, namba yake ya siri. Juu ya safu hiyo palikuwa na onyo: Usimwonyeshe mtu yeyote.

Foleni ilibanana. Wa nyuma walisoma mabegani mwa wa mbele, na wengine kwa wema tu waliwasomea kwa sauti wazee wasioona vizuri. Sikujua alikuwa amesahau miwani. Aliinama juu ya daftari, akarudi nyuma, akainama tena. Nyuma yake alisimama bwana mmoja nadhifu, shati limepigwa pasi, masharubu yamechongwa kama kwa rula.

"Nikusaidie kuandika, mama?"

"Ungenifaa, baba. Macho haya."

Akamwandikia yote, kwa mwandiko mzuri. Alipofika safu ya mwisho akauliza kwa sauti ya chini, "Namba ya siri niandike mwaka wako wa kuzaliwa?"

"Umejuaje?"

"Ndiyo namba ya wengi, mama."

Sikujua akacheka, akamshukuru. Bwana yule aliitwa Kassian Mtetu. Yeye mwenyewe hakuandika kitu siku hiyo. Alisema amekumbuka shughuli.

Kila mwananchi alitakiwa pia kuleta kopi tatu za kitambulisho. Ofisi ilihitaji moja. Kopi mbili zilizobaki ziliuzwa kwa kilo, na mwezi ule wote karanga za soko la Tusemezane zilifungwa ndani ya sura za watu. Mtu alimaliza karanga zake akabaki amemshika diwani, picha, namba na anwani.

Aliyekataa kulindwa alikuwa mmoja tu, Bi Nyamizi, muuza maandazi wa kibanda cha nane. Mgambo walimfuata mara mbili.

"Bi mkubwa, huandiki jina kwa nini?"

"Serikali ikitaka kunijua ije inunue andazi," alisema Bi Nyamizi huku akigeuza maandazi yake. "Mimi siandiki siri yangu kwenye daftari linalosomwa na foleni nzima."

Akatozwa faini kwa kosa la kuzembea kulindwa, akaambiwa jina lake litabandikwa ukutani pamoja na majina ya wasaliti wengine. Ukuta ulikuwa na jina lake peke yake.

Wiki ya pili, Sikujua akiwa amelala chali chini ya cherehani ya miguu, simu yake ikaita.

"Unaongea na Wizara ya Uwepo wa Raia, kitengo cha dharura," ilisema sauti nzito. "Bi Sikujua Ligongo, binti wa Asumini Chitukuta, kuna mtu anajaribu kukuiba sasa hivi."

Sikujua akajitoa chini ya cherehani. "Mimi?"

"Sasa hivi, mama. Tumekutumia ujumbe wenye tarakimu sita. Nisomee haraka tumfungie mlango. Kila sekunde anaingia zaidi."

Mtu aliyemjua hadi mama yake angekuwa nani kama si Serikali? Akasoma tarakimu sita, moja moja.

"Hongera, mama. Sasa zima simu kwa saa mbili ili ulinzi uingie vizuri."

Akazima. Alipoiwasha, simu haikuwa na mtandao. Laini yake ilikuwa imehamia kwenye simu nyingine, ya mtu mwingine, na pamoja nayo kila ofisi iliyokuwa ikimtumia ujumbe ili kuhakikisha kwamba yeye ni yeye.

"Hata mimi walinipigia," alisema Bi Nyamizi. "Nikamwambia, kama unanilinda, basi nitajie wewe jina langu. Akakata."

"Na kama angekuwa wa kweli?"

"Wa kweli ofisi yake ile pale, dakika kumi kwa miguu. Ningekata simu nikaenda kumuuliza usoni. Wewe ulimpa nini?"

"Nilimpa alichoniomba," alisema Sikujua, na hakutaka kuulizwa zaidi.

Haukupita mwezi, akakuta kibanda chake kimefungwa kwa kufuli jipya, na mlangoni pana bango: MALI HALALI YA SIKUJUA LIGONGO. USIGUSE. Ndani zilikuwa zimefungiwa bisibisi zake, mikanda yake na cherehani kumi na moja za watu. Alisimama pale akisoma jina lake mara nne. Halikuwa na kosa hata la herufi.

Akaenda Wizarani. Alipokelewa na Msajili Msaidizi wa Uhakika, Bwana Hilarius Pazi, mtu mpole, mwenye kompyuta moja na mihuri kumi na sita.

"Jina?"

"Sikujua Ligongo."

Bwana Pazi akabonyeza, akatazama kioo, akamtazama mama, akatazama tena kioo. "Hapana."

"Hapana nini, baba?"

"Si wewe." Akageuza kioo ili mwananchi ajionee, maana Wizara ile iliamini katika uwazi. Chini ya maneno Sikujua Ligongo, jinsia mwanamke, palikuwa na picha ya Kassian Mtetu, masharubu na yote, ametabasamu kidogo.

"Huyu ni mwanamume!"

"Mama, usimhukumu mtu kwa sura. Mfumo unasema ni mwanamke."

"Ana masharubu!"

"Mfumo hauna safu ya masharubu."

Sikujua akavuta kiti bila kukaribishwa. Akaeleza habari ya foleni, ya simu, ya kufuli. Bwana Pazi alisikiliza yote kwa huruma, kisha akamfanyia usaili wa uhakika, kama kanuni zinavyotaka.

"Ulizaliwa wapi?"

"Mkwichi."

"Si sahihi. Mwezi uliopita ulibadilisha, ukazaliwa makao makuu. Namba yako ya siri?"

Akaitaja.

"Si sahihi. Uliibadilisha siku hiyo hiyo, na umefanya vizuri sana, ile ya zamani ilikuwa dhaifu. Ulipiga kura wapi uchaguzi mdogo?"

"Sikupiga. Nilikuwa naumwa."

"Ulipiga, mama. Na ulipiga vizuri." Akafunga faili. "Kwa maswali matatu umepata sifuri. Mwenzako alipata mia kwa mia. Sasa nikisema wewe ndiye, mfumo utanielewaje? Rudi Jumanne."

Aliporudi Jumanne kama alivyoambiwa, alirudi na wanawake ishirini na wawili wa soko la Tusemezane, wote wateja wake, na barua iliyotiwa sahihi na wote. Majibu yalitoka baada ya wiki sita. Barua haikupokelewa kwa kuwa mwandishi wake hayupo, na mashahidi walionywa kwa kufahamiana na mtu asiyekuwepo.

Bwana Pazi hakuwa mtu mbaya. Alimwita pembeni.

"Mama, mimi nakushauri kama mdogo wako. Achana na huyo Sikujua, ameshachukuliwa. Tuna marehemu wazuri sana humu. Huyu hapa, Bi Veronika, amefariki miaka tisa iliyopita, faili safi, hajakosa kupiga kura hata mara moja. Nikuandikie?"

"Nina jina langu."

"Kila mtu anasema hivyo," alisema Bwana Pazi, akasikitika.

Lililomchoma Sikujua kuliko yote halikutokea Wizarani. Lilitokea zahanati, alikokwenda kuchukua vidonge vyake vya presha. Nesi wa dirishani, Sista Kandida, alikuwa akimpa vidonge hivyo miaka mitano. Walikuwa wakiulizana habari za watoto. Siku ile nesi alitazama kompyuta, akaisoma mara mbili.

"Mama Ligongo, hapa inaonyesha vidonge vya mwezi huu vilishachukuliwa."

"Si na mimi."

"Na inaonyesha..." Akashusha sauti. "Inaonyesha unatibiwa tezi dume."

Wakatazamana. Hakuna aliyecheka. Sista Kandida alimjua, na alijua kwamba anamjua, lakini dirisha la dawa lilifunguka kwa namba tu, na namba ilikuwa na masharubu. "Nisamehe," alisema.

Sikujua akakaa kwenye benchi la nje, kichwa kinamgonga. Akalitamka jina lake kwa sauti ndogo, la kwake, la baba yake, la babu yake, kama mtu anayepapasa mfukoni kuona kama funguo bado zipo. Mama aliyekaa jirani naye akasogea mbali kidogo.

Wakati huo Sikujua yule mwingine alikuwa akipanda. Faili lake lilikuwa kamili kuliko yote nchini. Taarifa zilihakikiwa, namba ya siri ilikuwa imara, na simu zilipokelewa kwa wakati. Wizara ikaona fahari. Siku ya Maadhimisho ya Mwananchi Aliyelindwa, uwanja ukajaa, na Kassian Mtetu, suti ya kijivu, akaitwa jukwaani kupokea nishani ya Mwanamke Kinara wa Ulinzi. Umoja wa akina mama ukamfunga kanga.

"Mama huyu," alinguruma Waziri, akimshika bega, "mama huyu shupavu ametufundisha kwamba mwizi hawezi kumwiba aliyejipanga! Akina mama wengine igeni!"

"Huyo ndiye mwizi!" Sikujua alisimama katikati ya watu. "Sikujua Ligongo ni mimi hapa!"

Walinzi wakamfikia haraka, wakamwomba kwa heshima kitambulisho. Akawapa. Wakakisoma kwenye kimashine chao, kikalia. Wakamweleza kwamba anatumia kitambulisho cha mama aliye jukwaani, na kwamba wizi wa aina hiyo ndio hasa unaopigwa vita leo. Kikachukuliwa. Yeye akasindikizwa nje, na kwa kuwa ilikuwa siku ya furaha, akasamehewa.

Bi Nyamizi alimkuta kwenye kibanda cha maandazi, amekaa juu ya gunia la unga, halii.

"Nishani kachukua," alisema Sikujua. "Kibanda kachukua. Vidonge kachukua. Hata kura."

Bi Nyamizi akageuza maandazi yake. "Mwenzangu, huyo mtu anachukua mema yako tu. Mabaya yako anachukua nani?"

"Sina mabaya. Unanijua."

"Basi tafuta."

Alhamisi gari la redio lilikuja sokoni kurusha kipindi cha moja kwa moja, ambamo wananchi huitwa waipongeze Serikali. Watu watatu walipongeza ipasavyo. Wa nne alikuwa Sikujua. Alikuwa amevaa vizuri.

"Naitwa Sikujua Ligongo," alisema, akaitaja namba yote ya kitambulisho, polepole, kama alivyosoma zile tarakimu sita. "Nataka kusema hivi. Waziri Tambwa ni mwongo. Alituanika siri zetu juani, akafunga kalamu, akaliacha daftari. Wizara yake haijamlinda mtu. Imewakusanyia wezi kazi mahali pamoja. Na hayo mavyeo yake manne, hakuna hata moja linalojua kujibu barua. Nimemaliza. Sikujua Ligongo. Nirudie namba?"

Mtangazaji alikuwa ameshadondosha kipaza sauti.

Kumkashifu Waziri hadharani kulikuwa kosa kubwa kabisa katika nchi ile, na polisi walioshindwa kumpata mwizi wa kibanda kwa miezi minane walimpata Sikujua Ligongo kwa dakika arobaini. Mfumo uliwaonyesha sura, anwani na simu. Wakamchukua kwenye ukumbi wa hoteli, akiwa katikati ya semina, akiwafundisha wakuu wa idara namna ya kujilinda.

"Wewe ndiye Sikujua Ligongo?"

"Ndiye mimi," alisema Kassian Mtetu kwa bashasha, akidhani ni nishani nyingine.

Kituoni alisomewa shitaka na kifungo chake. Masharubu yakalegea.

"Afande, mimi nitakuwaje Sikujua? Sikujua ni jina la kike! Nitazame vizuri, mimi ni mwanamume!"

"Mfumo unasema mwanamke," alisema Inspekta.

"Mfumo umekosea!"

Hakuna aliyewahi kulitamka neno hilo ndani ya jengo la Serikali, na makarani wawili walitoka nje. Lakini Kassian Mtetu hakutania. Alipiga simu tano. Alileta cheti cha kuzaliwa, cheti cha ubatizo, cheti cha ndoa, mke mwenyewe, watoto watatu, paroko, na picha ya darasa la saba. Bwana Pazi akaitwa na kompyuta yake. Ikabonyezwa mara mbili. Jambo lililoshindikana miezi minane likamalizika kwa dakika hamsini, na picha ya Kassian Mtetu ikatoka juu ya jina la Sikujua Ligongo.

"Kumbe inawezekana," alisema Inspekta.

"Mfumo umejirekebisha," alisema Bwana Pazi, akagonga mihuri yote kumi na sita.

Mtetu akaombwa radhi kwa usumbufu, akapewa chai. Ni kweli kwamba aliiba jina la mtu, lakini mashtaka ya namna hiyo hufunguliwa na mwenye jina, na mwenye jina alikuwa anatafutwa na polisi, hivyo hakuweza kusikilizwa. Nishani alirudi nayo nyumbani. Ilikuwa imechongwa jina tayari.

Jioni polisi wawili wakaja soko la Tusemezane. Waliwapita wauza dagaa, wakasimama mbele ya mama aliyekuwa akila andazi.

"Sikujua Ligongo?"

"Ndiye."

"Wizara imethibitisha kwamba ni wewe. Hongera sana, mama. Uko chini ya ulinzi."

Bi Nyamizi alimfungia maandazi manne kwenye karatasi tupu, isiyo na sura ya mtu.

Alikaa mahabusu siku kumi na moja. Kesi ilifutwa kwa sababu hakimu alitaka Waziri aje athibitishe kwamba yeye ndiye Waziri, na Waziri, kwa kuogopa matokeo, hakutokea. Kibanda kilifunguliwa kwa nyundo. Vidonge alivipata dirishani pale pale, na Sista Kandida akamwongezea vya mwezi mzima. Lakini hayo yalikuja baadaye. Jioni ile ya kwanza hakuyajua. Alijua tu kwamba amesimama mbele ya meza ya mapokezi ya kituo, viatu vimevuliwa, na koplo mwenye usingizi amefungua kitabu.

"Jina?"

Akalitaja. Jina lake, la baba yake, la babu yake.

"Jina la mama mzazi?"

"Linahitajika kwa kesi hii?"

Koplo akafikiri. "Kwa kweli hapana."

"Basi ruka."

"Namba ya siri ya simu?"

"Hiyo sitoi."

"Fomu inataka, mama."

"Fomu itake. Mimi sitoi. Sitoi kwako, sitoi kwa Inspekta, na Waziri akija mwenyewe sitoi."

Koplo alitazama mlangoni, akatazama fomu. Hakuwa amewahi kuona nafasi ile ikiachwa tupu, na hakujua kama kuna adhabu yake. Mwishowe akachora mstari mfupi, akakigeuza kitabu ili mtuhumiwa atie dole gumba.

Sikujua akavaa miwani. Alisoma polepole, kidole kikifuata mstari, kisha akasimamisha kidole.

"Hapa umekosea, mwanangu. Umeandika Ligogo. Ni Ligongo. Weka n."

"Ni kitabu cha mahabusu tu, mama."

"Weka n."

Akaiweka.